Mandolini Iliyofukizwa Udi

Mume wangu Rajab ana mandolini ya Kifaransa anayoiita "binti yangu". Mimi ananiita "wewe".

Aliinunua Southall, hapa hapa London, kwa rafiki yake Mansukh, Mhindi wa Mwanza, fundi wa ala za muziki. Tangu siku hiyo kila mgeni anayeingia kwetu Thornton Heath lazima aoneshwe tumbo la mandolini kabla hajapewa chai. Eti mandolini nyingine zina ubao mmoja kifuani, hii inazo mbili. Wa chini umebeba daraja la nyuzi. Wa juu umelala mshazari, umefunika nusu tu, na sauti inatokea katikati yake kama mtu anayechungulia chini ya shuka. Halafu nyuzi haziukandamizi ubao, zinauvuta juu. Mfaransa aliyebuni hayo, asema Rajab, alikuwa na akili kuliko ukoo wangu mzima.

Mjukuu wetu Riziki alikuwa anaolewa Jumamosi. Alimwomba babu yake jambo moja tu, ampigie mandolini akiingia ukumbini. Rajab akafanya mazoezi miezi miwili, na vidole vyake vile vya baridi yabisi. Mimi nikavumilia.

Alhamisi alikwenda kwa kinyozi, nami nikawa nafukiza nguo za harusi: chetezo cha makaa chini, tenga juu yake, nguo juu ya tenga. Zilipokolea udi nikaitazama mandolini. Ilinuka kabati. Nikasema, huyu binti naye si anakwenda harusini? Nikailaza juu ya tenga kifudifudi, moshi uingie vizuri kati ya zile mbao mbili, nikaenda kukaanga sambusa.

Nikasikia *tak*. Kisha *tak* nyingine.

Ubao wa chini ulikuwa umeachia upande mmoja. Nikagusa uzi, ukalia kama nzi ndani ya kopo. Nikaifunga kwenye kanga, nikaitia katika kitoroli changu cha sokoni, nikashika treni mpaka Southall.

Mansukh aliinusa kwanza. "Shemeji, umeipika?"

"Nimeifukiza."

"Nimeshaletewa zilizokaliwa. Nimeshaletewa iliyotapikiwa. Hii ni ya kwanza kuja imejiandaa kwa fungate." Akaipapasa. "Gundi yake ni ya ngozi, joto linailainisha. Naweza kuipasha tena na kuibana. Lakini vibano vikae siku nne."

"Harusi keshokutwa."

"Basi bibi harusi aingie Jumatatu."

Ningeweza kumwambia Rajab imeibiwa, wezi hawakosekani. Lakini ile miezi miwili niliisikia yote kwa masikio yangu. Nikampigia simu; zamu yake kwa kinyozi ndiyo kwanza ilikuwa imefika.

Alifika kichwa kimenyolewa upande mmoja.

"Umemchoma binti yangu," akasema.

"Nimemtia manukato."

"Miaka hamsini unanifukiza mimi, hujatosheka?"

"Wewe hukukolea."

Mansukh aligeukia ukutani, mabega yakamtikisika. Alipogeuka tena alikuwa fundi. "Sikiliza, bwana. Nyuzi ziko nane, mbili mbili. Nikiacha moja kwa kila jozi, mvuto unapungua nusu. Jumamosi adhuhuri natoa vibano, jioni unapiga. Ila usicharaze. Ukicharaza kama kawaida yako, ubao unachomoka mbele ya wakwe."

"Nyuzi nne? Hizo ni kamba za kuanikia nguo. Sipigi."

"Sawa," nikasema. "Binamu wa bwana harusi ana kinanda cha umeme. Kina na ngoma ndani."

Rajab akamgeukia Mansukh, "Bana."

Jumamosi alipiga polepole, kama mtu anayepita juu ya sakafu iliyotoka kupigwa deki. Zile mbwembwe zake ambazo kila mara hutupoteza njiani hazikuwapo. Kumbe wimbo wenyewe tunaujua. Wanawake wa meza ya kwanza wakaanza kuimba, ukumbi mzima ukafuata. Riziki, anayejibu Kiswahili chetu kwa Kiingereza, naye alikuwa akiimba, maneno yote, wanja ukimchuruzika mpaka kidevuni. Alipomfikia babu yake akasimama hapo hapo mpaka ubeti wa mwisho. Bwana harusi akangoja.

Rajab alirudi mezani amenuna. "Nimepiga nusu."

"Nusu ya pili hakuna aliyeiulizia," nikamwambia, nikamsogezea biriani.

Jumatatu Mansukh alipiga simu: aletewe mandolini airudishie nyuzi zake nne.

"Mwambie asubiri," Rajab akasema, huku akiupiga ule wimbo polepole kwa nyuzi nne. "Kwanza awahudumie wateja wengine."