Rangi ya Kitinda Mimba

Yai lilikuwa limezama katika kikombe cha maji ya buluu, ile ya kung'arishia shuka nyeupe, na mjane wa fundi saa alikuwa akiligeuza kwa kijiko taratibu, kama anayemwogesha mtoto mchanga. Alipolitoa na kulikausha kwa upindo wa gauni, alijisifu kimoyomoyo: mikono imechoka, ujanja bado mbichi.

Hakuwa na njia nyingine. Bintiye wa mwisho, nesi, alikuja juzi kumpunguzia kazi, na alikwisha kutoa hukumu: kuku asiyetaga aende. Mnunuzi angefika saa nne. Asiyetaga alikuwa mmoja tu, tetea wa kijivu, mjivuni, mwenye ndevu kama hakimu mstaafu.

Zamani kila mtoto wa nyumba ile alikuwa na rangi yake. Mkubwa alikula mayai ya hudhurungi, wa kati yenye rangi ya maziwa, kitinda mimba ya buluu. Ukigusa la mwenzio, vita. Baba yao aliacha saa za watu matumbo wazi mezani ili aje kuamua kesi. Sasa baba hayupo, wakubwa wako mbali, na kuku waliobaki bandani hutaga meupe matupu. Tetea huyu, kilembwe wa wale wa kale, ndiye pekee kati yao aliyewahi kutaga buluu.

"Bibi yako wa kijivu katuletea," mama alisema, akiliweka yai mezani.

"Baada ya miezi minane?"

"Kakusikia. Hata mimi ukiniitia mnunuzi, nitataga."

Nesi alicheka hadi akashika meza. Kisha akalipasua yai juu ya kikaango, na kicheko kikakatika. Alikuwa akitazama ndani ya ganda.

Hapo ndipo mama alipokumbuka. Marehemu mumewe aliwaonyesha wanawe ganda kwenye mwanga wa dirisha mara ngapi? Yai la buluu ni buluu mpaka ndani. Hili, ndani, lilikuwa jeupe kama shuka la hospitali.

Alijitia kuligeuza yai kikaangoni, masikio yakimwaka moto. Akatambua kwamba hakuwa akimwombea kuku maisha. Alikuwa akiiogopa siku ambayo bintiye angefika hapa asikute kitu chenye rangi yake.

Lango liligongwa. Nesi alifumba ganda kiganjani, akatoka. Mama alimsikia akimwomba mnunuzi radhi kwa safari ya bure. Kuku wote, alimwambia, wanataga. Aliporudi alinawa mikono, na maji yakateremka ya buluu. Hakumtazama mamaye.

"Mama."

"Eeh, mwanangu."

"Kesho punguza rangi. Ya tetea ilikuwa imepauka kidogo."

Akavuta kiti, akakaa, akaomba chumvi.