Bangili ya Nabintu na Matumbawe ya Daktari Helen

Nabintu hakuwa mtu wa majivuno, ila kwa tangi la samaki la Daktari Helen alijivuna bila haya, na ole wake mgeni aliyekigonga kioo chake kwa kidole. Tangi lenyewe refu kama kitanda, samaki sita, konokono wachache, na matumbawe ya kila rangi yaliyofunguka asubuhi na kuchezacheza majini. Bahari ya kweli iko mbali na Kampala, lakini pale sebuleni, mtaa wa Mbuya, ilikuwepo, na aliyeichanganya kwa ndoo, maji yaliyochujwa na chumvi ya paketi, ni yeye, mtumishi wa nyumba, mwanamke wa Bukavu.

Sasa matumbawe yalikuwa yamefumba kwa wiki mbili. Yamesinyaa, yamepauka, na Daktari Helen angerudi kutoka safari Jumapili. Nabintu hakuwa akilala vizuri.

Na raha ilikuwa imemtoka hata kabla ya hapo. Bangili ya shaba aliyoachiwa na mama yake, kitu pekee alichotoka nacho Kongo, ilikuwa imepotea. Aliipekua nyumba nzima, akaikosa, kisha akaingia jikoni na kumwambia Ajwang, mpishi kutoka Kisumu, maneno ambayo mtu mwenye akili zake angeyameza: "Kwa hii nyumba tuko wawili tu."

Ajwang akaendelea kukata vitunguu. Ila tangu siku hiyo, chai ya saa nne, waliyokuwa wakinywa pamoja wakiwasengenya majirani, kila mmoja aliinywa kivyake.

Jumanne Nabintu akampigia simu Wandera, fundi aliyelifunga tangi lile. Wandera akamhoji kama daktari. Chumvi? Iko sawa, ameipima mara mbili. Joto? Sawa. Taa? Mpya. Asije akawa ametia maji ya bomba? Nabintu nusura akate simu kwa hilo. Samaki je? Wanakula kama wako harusini. Na konokono?

Hapo Nabintu akakumbuka. Konokono walikuwa wamekufa wote, naye alikuwa amewatupa akidhani ni uzee.

"Mama Blaise," Wandera akasema, akimwita kwa jina la mwanawe, "samaki wazima, konokono wamekufa, matumbawe yamefumba. Hiyo ni shaba. Kuna kitu cha shaba kiko ndani ya hayo maji."

Nabintu akautazama mkono wake mtupu. Akapandisha mkono wa gauni, akauzamisha hadi begani nyuma ya jiwe kubwa, pale anaposugua ukungu kila wiki, akapapasa. Akaitoa bangili ya mama yake, imeota kutu ya kijani. Ilikuwa imemponyoka wakati wa kusugua, wala hakuisikia.

Alifurahi, kisha akaona aibu, na aibu ikaizidi furaha. Wandera bado alikuwa akieleza kwenye simu: abadilishe maji kidogo kidogo kila siku, atie mkaa maalumu wa kuchujia, si ule wa kupikia kwenye sigiri. Nabintu akamwambia asubiri kidogo, akaenda jikoni akichuruzika maji.

"Ajwang, dada yangu, bangili haikuibiwa. Ni mimi niliiangusha kwa maji. Nilikuwazia mubaya, tena nikasema. Unisamehe."

Ajwang akaitazama bangili, akalitazama gauni lililolowa, akaitazama sakafu aliyoipiga deki muda si mrefu. Bila kupandisha sauti, akasema kwamba neno lile lilimliza siku mbili. Nabintu akachukua kitambaa, akaanza kuipangusa sakafu. Kisha Ajwang akauliza ni ndoo ngapi za kubadilisha. Alipoambiwa ni nne kila siku, akafunga leso kiunoni.

Wakabeba ndoo pamoja, Jumanne hadi Jumamosi, na kufikia Alhamisi walikuwa wamesharudi kuwasengenya majirani wao. Jumamosi asubuhi tumbawe la zambarau likafungua ncha moja tu, ndogo kama ukucha. Nabintu akaita, Ajwang akaja mbio na mwiko mkononi, na wote wawili wakasimama mbele ya kioo wakicheka hadi uji ukaungua.

Siku hizi, kabla ya kutia mkono majini, Nabintu huivua bangili. Haiweki mezani wala kabatini. Huipeleka jikoni, na Ajwang huivaa mkononi mwake, akakoroga uji nayo mpaka saa nne ya chai.