Mwito Nilioudaka Njiani

Skrini zote za wodi zililia kwa pamoja, na Daktari Mkuu alikuwa bado ameshika kipanya.

Nilikuwa nyuma yake, najifanya nahangaika na waya za printa. Moyo ulinidunda, lakini si kwa hofu.

Mwaka mmoja kabla, katika wodi hiyohiyo, mtoto alinusurika kufa kwa kuzidishiwa dawa. Dada yangu, muuguzi, ndiye aliyemchoma sindano, vilevile Daktari Mkuu alivyoandika. Kikao kilipoitwa, kompyuta ilionyesha dozi ndogo, dozi sahihi. Programu ile kuukuu ilikumbuka neno la mwisho tu. Haikujali nani kalibadilisha. Daktari alimtazama dada kwa huruma. "Ni uchovu, mwanangu. Hutokea."

Dada akafukuzwa. Alirudi nyumbani, akakunja sare zake vizuri, kisha akazitia motoni mojamoja. Mimi nikaangalia.

Nilipoajiriwa pale kutunza programu, hakuna aliyejua udugu wetu. Tulichangia mama, si baba. Sikugusa hata mstari mmoja wa programu ulioandikwa na walionitangulia. Niliandika kipande kidogo, nikakiweka kando na kukiamuru kisimame njiani: popote programu inapoita sehemu yake ya kubadili dozi, mwito upitie kwangu kwanza. Anayeita hajui, anayeitwa hajui. Dozi ikibadilishwa baada ya dawa kutolewa, mlinzi wangu aushike mwito, aiulize wodi nzima kwenye skrini zote.

Kisha nikangoja. Chuki ikikaa sana hupoa, husema watu. Yangu haikupoa.

Asubuhi hiyo mzee wa kitanda cha dirishani alizimia baada ya sindano. Wauguzi walimkimbilia yeye; daktari aliikimbilia kompyuta.

Mzee alipoanza kupumua vizuri, muuguzi wa zamu aliigeukia skrini iliyokuwa bado ikilia, akasoma kwa sauti: "Daktari Mkuu anataka dozi iliyokwisha kutolewa ishuke kutoka kumi hadi mbili. Mnathibitisha?"



"Nani kaweka upuuzi huu?" daktari alifoka, akageuka.

"Mdogo wake yule muuguzi uliyesema kachoka," nilimjibu.

Aliachia kipanya. Wote walikuwa wanamtazama.

Jioni nilimsimulia dada jikoni. Alisikiliza huku akimenya viazi, hakuinua macho.

"Na mzee?"

"Mzima. Anagombana na kila mtu."

Aliweka kisu chini, akavuta kiti, akakaa.

"Basi nisimulie tena. Anzia pale daktari alipogeuka. Na usirukeruke."