Upande wa Pili wa Mkate

Watoto wa siku hizi wanakuja kusoma Niš, hapa Serbia, na simu mkononi, mama zao wanawatazama wakinywa supu. Mimi nilikuja na sanduku la baba lililofungwa kamba, na chupa ya zeituni iliyovujia nguo zangu zote kabla treni haijavuka mpaka. Ilikuwa Oktoba, mwaka themanini na tano, nina miaka kumi na tisa, natoka Kavala, Ugiriki, kuja kusomea udaktari wa meno. Leo nina wajukuu hapa hapa Niš, nusu ya mji huu nimeshaing'oa meno, na bado nikisikia harufu ya ngano inachemka, moyo unarudi kwenye wikendi ile ya kwanza. Niliiharibu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Chumba nilipangishwa na mjane mmoja, Mama Radojka, mfupi, mpana, mwenye sauti ya kukemea hata anapokusalimu. Nilifika Ijumaa jioni. Alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Wewe ndiye daktari? Mbona umekonda hivyo, nani atakubali umguse meno?"

"Bado sijaanza kusoma, mama."

"Basi anza kula."

Akaniwekea supu ya maharage, akakaa mbele yangu kuhakikisha naimaliza. Alivaa nyeusi kwa ajili ya mumewe, aliyefariki miaka miwili nyuma. Kiserbia changu kilikuwa cha kozi ya miezi sita, naelewa kuliko ninavyosema, lakini jambo lake lilikuwa moja tu: "Kesho saa sita mchana Ljubiša wangu atakuwa hapa. Anatoka Stuttgart kwa gari, anaendesha usiku kucha. Hajakanyaga nyumba hii tangu tumzike baba yake." Alilisema mara nne. Mara ya nne alikuwa anaiambia sufuria. Kesho yenyewe ni siku gani, hakunitajia, maana kwake kila mtu duniani alikuwa anaijua.

Chumbani nililia, sioni haya kusema. Ijumaa jioni kule Kavala baba huchoma dagaa uani, na mama humgombeza kwa sababu ya moshi. Niliutamani hata ule ugomvi. Nikaapa kwamba Jumatatu napanda treni narudi kwetu, meno watang'oa wengine.

Asubuhi nyumba ilikuwa kimya. Nikachungulia sebuleni. Mezani palitandikwa kitambaa cheupe, na juu yake sahani ya ngano iliyochemshwa, imekandwa na sukari, msalaba umechorwa juu yake kwa sukari ya unga. Pembeni mshumaa mrefu unawaka. Picha ya mtakatifu ukutani imewekewa maua. Na Mama Radojka kwenye kiti, nyeusi tupu, mikono mapajani, anaitazama simu.

Sasa mnielewe. Kwetu Ugiriki ngano ile ni ya wafu. Akifa mtu, unaipika, unaichora msalaba, unawasha mshumaa. Mgiriki akiiona sahani ile haulizi kama kuna msiba, anauliza aliyekufa ni nani. Na mimi nilijiona nimeshajua: kijana kaendesha usiku kucha, na barabara ile ya Ujerumani ilikuwa inakula watu kila mwaka. Nikarudi chumbani, nikavaa gauni jeusi ambalo mama alinifungia kwa lolote litakalotokea. Nikatoka, nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mikono.

"Pole sana, mama. Mungu amlaze mwanao mahali pema peponi."

Nimeona nyuso nyingi zikipauka kwenye kiti changu cha meno, lakini kama ule sijaona tena.

"Simu imelia saa ngapi?" akauliza polepole. "Mbona sikusikia?"

"Sijui, mama, mimi nime..."

"Wamemkuta wapi? Sema. Upande wa Zagreb?"

Hapo ndipo nilipohisi kuna kitu hakijakaa sawa. Nikanyoosha kidole mezani. "Si ngano hiyo hapo, mama?"

Akaitazama ngano. Akanitazama mimi, akalitazama na gauni. Kisha akachukua kitambaa cha vyombo akanichapa nacho begani, mara mbili, kwa nguvu zote.

"Mwehu wewe. Leo ni Mtakatifu Toma, mlinzi wa ukoo wetu. Hii ni slava, sikukuu ya nyumba! Ngano ni ya wageni, kila anayeingia anaonja kijiko. Umekuja kuniulia mtoto asubuhi yote hii?"

"Lakini kule kwetu..."

"Kwenu, kwenu. Vua hilo gauni."

Nikalivua, nikavaa sweta jekundu linalonuka zeituni, na nikapewa vitunguu nimenye. Nilimenya kilo nzima bila kuinua macho, aibu imenijaa mpaka masikioni. Hasira zake zilikuwa za kupanda na kushuka kama maziwa jikoni, na kufikia kitunguu cha kumi alishaanza kunieleza. Slava hutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Mkate wa sikukuu haukatwi na mtu mmoja. Wawili wanaushika, huyu upande huu na yule upande ule, wanauzungusha mara tatu, kisha wanauvunja. Upande mmoja angeushika yeye. Wa pili ulikuwa wa Ljubiša.

"Mwaka jana nilimsubiri mpaka giza likaingia," akasema. "Nikaukata kwa kisu, peke yangu, kama mkate wa chai. Mwaka huu asipokuja, nazima mshumaa kwa divai na picha naipeleka kanisani. Basi. Miaka mia mbili ya watu wa nyumba hii, na inakuja kufia mikononi mwangu."

"Atakuja, mama."

"Wewe nyamaza. Mdomo wako leo una mkosi."

Saa sita ikafika, ikapita. Akaingia jirani, mzee Velimir, mtu wa chama cha Kikomunisti, kisichotaka watu wake waonekane kwenye mambo ya dini, kwa hiyo kila mwaka alikuja kwa mlango wa nyuma.

"Radojka, kabichi zako zinanukia mpaka ofisini kwetu," akasema huku akionja ngano. "Nimetumwa kuchunguza."

"Basi nishikie mkate, mchunguzi."

"Kula nitakula mpaka mwisho. Kushika, hapana. Mwanangu atapoteza kazi."

Saa saba na nusu simu ikalia. Mama Radojka alisimama, akaunyoosha mkono, akaurudisha. Akanigeukia. "Pokea wewe. Ulianza wewe, umalizie."

Ilikuwa sauti ya mwanamume aliyeamka si muda mrefu. Nikamwambia mimi ni mpangaji.

"Mwambie mama nimepangiwa zamu kiwandani," akasema. "Nitakuja Mwaka Mpya."

Nyuma yake redio ilikuwa inaimba na mtoto anacheka. Kiwanda gani hicho? Gari hata hakuwa amelipasha moto. Nilitamani kumtukana, lakini matusi ndiyo somo pekee ambalo kozi yetu haikulifikia. Nikakata simu.

"Yu hai?" Mama Radojka akauliza.

"Yu hai, mama. Haji."

Akafanya ishara ya msalaba, akamshukuru Mungu, machozi yanamtoka. Neno la kwanza tu ndilo lililomfikia. La pili lilichukua muda, na nililiona likiingia. Akachukua glasi ya divai, akaenda kwenye mshumaa. Velimir aliinamia sahani yake.

"Mama, ngoja," nikasema. "Kwetu mshumaa hauzimwi kabla mkate haujavunjwa. Ni dhambi kubwa."

Uongo mtupu. Hakuna mtu Kavala aliyewahi kusema hivyo.

"Na nani ataushika?"

"Mimi."

"Wewe? Msichana, Mgiriki, tena uliyenizikia mtoto asubuhi?"

"Ndiyo, mama. Lakini mikono ninayo."

"Mpe, Radojka," Velimir akasema mdomo umejaa. "Chakula kinapoa."

Mama Radojka akauleta. Mkate ulikuwa mzito, bado una joto chini. Tukauzungusha mara tatu, yeye anaomba kwa kunong'ona na mimi namfuata kwa Kigiriki, akamimina divai juu yake, tukauvunja. Alikuwa analia na mimi nalia. Yeye alimlilia wake na mimi niliwalilia wangu, na kati yetu palikuwa na mkate huo tu wa kushikilia. Jumatatu sikupanda treni. Wageni walikuwa wanamiminika mpaka siku hiyo, na vyombo vya kuosha vilijaa mpaka kwenye beseni la kuogea.

Upande ule niliushika kila Oktoba kwa miaka kumi na tatu. Ljubiša alituma kahawa, saa ya ukutani, picha za watoto. Mwenyewe hakuja. Mama Radojka alifariki majira ya kuchipua ya mwaka wa tisini na nane. Nyumba akamwachia mwanawe, ambaye aliiuza kwa barua, na picha ya mtakatifu akaniachia mimi.

Oktoba ile nilipika ngano nyumbani kwangu, nikawasha mshumaa. Kwenye slava hakuna anayealikwa, mlango unaachwa wazi tu. Adhuhuri akasimama mlangoni mwanamume mwenye mvi, kofia mkononi, macho ni ya mama yake kabisa.

"Nimeambiwa slava ya kwetu iko hapa," akasema.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia mtu yule, miaka kumi na tatu nilikuwa nayapanga. Nikampa kijiko cha ngano. Akala, akafanya ishara ya msalaba, nikauweka mkate kati yetu. Akaushika kwa mikono yote miwili, halafu akabaki amesimama, anautazama.

"Unazungushwa kuelekea wapi?" akaniuliza. "Nimesahau."

"Kuelekea kwako," nikamwambia, nikaanza kuuzungusha taratibu ili aweze kunifuata.