Ambrose Wawili

Kwii, ikanyamaza. Kwii, tena. Kitanda cha mtoto cha kubembea kilikuwa kinalia gizani, na Tamsin alikijua kila kilio chake. Akapapasa. Mtoto alikuwa kifuani pake, amelala fofofo. Ndani ya kile kitanda hapakuwa na mtu.

Hakumwambia mumewe, Giles. Angesema ni upepo. Nyumba ya akina Dacombe ilikuwa na nyufa tangu enzi za mababu.

Wiki ile mama mkwe, Bibi Lavinia, alikuwa amempa kazi: achore mti wa ukoo, utundikwe ukumbini siku ya ubatizo. Jioni Tamsin akashuka kanisani na taa ya mkononi. Akafunua zulia chini ya viti vya familia, akitafuta tarehe kwenye mawe ya makaburi yaliyo sakafuni. Akakuta jina la Ambrose, aliyekufa akiwa na miaka mitatu. Pembeni yake Ambrose mwingine, mdogo wake, aliyeishi hadi uzee. Kwenye mchoro wa zamani wa ukoo walikuwa mtu mmoja.

"Mama, hapa pamekosewa," alisema aliporudi. "Hawa walikuwa wawili."

Bibi Lavinia alikuwa anapaka siagi mkate. "Hapajakosewa, mwanangu. Jina la mrithi halizikwi. Akifa mmoja, anayefuata analivaa."

"Na yule wa kwanza anakwenda wapi?"

"Hakuacha kizazi. Mti ukibeba kila kijiti, utaenea ukutani? Na zulia umelirudisha? Jumapili miguu itaniganda."

Giles akacheka. Tamsin hakucheka. Wao pia walikuwa na Ambrose, aliyeishi majuma machache tu, majira ya baridi mawili nyuma. Sasa jina lake lilikuwa linangojea huyu wa kifuani.

"Giles, nitamwitaje huyu bila kumfuta yule?"

"Ni jina tu, mpenzi. Mama ameshamwambia mjomba." Kisha akainamisha macho. "Mimi nikimtaja yule nashindwa kula."

Usiku Tamsin akachora vijiti viwili kutoka kwa jina lake na la Giles. Asubuhi akakuta kimoja kimefutwa kwa raba, na hakuuliza ni mkono wa nani.

Jumapili wakasimama kwenye birika la ubatizo. Hester, binti yao wa miaka mitano, alishika sketi ya mama yake huku macho yake yakiwa kwenye kiti kitupu cha familia. Akatabasamu, kama anayeonyeshwa kitu.

"Mtajeni mtoto huyu," kasisi akasema.

Kwa desturi hujibu baba wa ubatizo. Mjomba, aliyechaguliwa kwa kazi hiyo, akasafisha koo. Tamsin akamvuta mtoto kifuani. Giles akamshika kiwiko.

Hester akamgeukia kasisi.

"Huyu si Ambrose, Ambrose tunaye."