Alhamisi za Jean

Kwa miaka tisa Jean Gilchrist alimuaga mumewe kila Alhamisi kwamba anakwenda kucheza bingo, na kwa miaka tisa hakushinda hata sahani. Archie, fundi wa lifti mjini Glasgow, hakuuliza kitu. Jean alipofariki ndipo swali la alikokuwa akienda likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Aliyejua ni mjukuu wao Eilidh, mwimbaji wa bendi.

"Nimeyatungia wimbo mambo hayo, babu. Jumamosi tunaupiga."

"Si uniambie tu hapa hapa?"

"Nikikwambia, utakuja?"

Basi Jumamosi Archie akagongwa muhuri mkononi mlangoni kama ng'ombe aliyekaguliwa, akapanda hadi ukumbi ulio juu ya baa, akasimama mbele kabisa. Magitaa yakaunguruma mpaka meno yake ya bandia yakataka kuhama. Lakini watu, wapatao mia mbili, walikuwa wamekunja mikono tu, wakitikisa vichwa kama wanaoafiki hotuba.

"Mbona hawachezi?" alimuuliza mama mmoja mwenye nywele za kijani.

"Ndiyo wanacheza hivyo, mzee. Yule pale katikisa na goti. Keshalewa."

Archie alitega sikio wimbo baada ya wimbo. Mmoja ulihusu mashine ya kufulia, mmoja ndege wa baharini aliyeiba chipsi. Jean hakutajwa. Halafu Eilidh akasema, "Asanteni, kwaherini!" na bendi nzima ikashuka jukwaani.

Jukwaani, sakafuni chini ya maiki, Archie aliona karatasi iliyobandikwa: orodha ya nyimbo. Akainama, akaibandua. Karibu na mwisho palipigwa mstari, na chini yake nyimbo tatu. Wa tatu uliitwa "Alhamisi za Jean".

"Mzee! Umefanya nini?" mama wa nywele za kijani alimaka.

"Si wamemaliza?"

"Wanaaga tu! Wanajificha nyuma ya pazia, tunawabembeleza, wanarudi."

"Na nyinyi mnajua kwamba watarudi?"

"Kila mtu anajua."

Archie alikuwa hajapata kuona watu wazima wakidanganyana kwa ridhaa namna hiyo, ukiacha harusini.

Kweli wakarudi. Eilidh akatazama chini: hakuna karatasi. Mpiga gitaa akaanza wimbo wake, mpiga ngoma wake, ikawa kama paka wawili ndani ya pipa. Mwenye ukumbi akainua kidole kimoja. Saa nne disko linaingia, umebaki wimbo mmoja tu.

"Nani kachukua orodha yetu?"

Vidole mia mbili vikamwelekea Archie.

"Babu!"

"Nimeishika isipeperuke."

Ukumbi ukaangua kicheko. "Haya, tusomee," Eilidh alisema. "Wa kwanza chini ya mstari."

Wa kwanza ndio uliokuwa ukipigwa redioni, na watu walikwishaanza kuuita kwa jina. Archie akavaa miwani taratibu. Miaka arobaini kwenye lifti, hajawahi kumwambia mtu yuko ghorofa ya tatu ilhali yuko ya kwanza. Akakohoa, akasoma:

"Alhamisi za Jean."

Watu wakaguna. Eilidh, aliyeiandika orodha kwa mkono wake mwenyewe, alimkazia macho babu yake.

"Kama ndivyo palivyoandikwa," alisema, "tutafanyaje?"

Akaimba. Aliimba juu ya gereji nyuma ya duka la matairi, na bibi aliyempeleka mjukuu kujifunza gitaa, akachoka kusubiri, akajikalia nyuma ya ngoma. Alizipiga kila Alhamisi kwa miaka tisa, akitukana kama kuli wa bandarini kila alipokosea. Mjukuu akamuuliza: mbona humwambii babu? Bibi akajibu: nikimwambia, atakuja kuzitengeneza.

Ukumbi ulicheka. Archie alicheka kuliko wote, huku akijifuta macho kwa ile karatasi.

Kisha akatazama jukwaani. Mguu mmoja wa ngoma ya kushoto ulikuwa unayumba. Parafujo imelegea, kuizungusha robo tu kungetosha. Archie akaingiza mikono yote miwili mifukoni, akaiacha humo mpaka wimbo ukaisha.