Vinyonga wa Uzio wa Ngusa

Ngusa hana woga na simba. Aliswaga ng'ombe zake kutoka Usukumani mpaka hapa Magamba, akapita mapori yenye kila aina ya meno, na akikusimulia safari hiyo hupiga miayo. Ila mwonyeshe kinyonga, hata yule mdogo wa mlimani kwetu mwenye kipembe puani, uone mtu mzima anavyorudi kinyumenyume. Babu yake alimfundisha kwamba kinyonga haguswi kwa mkono, hauawi, wala hapelekwi kwa jirani. Ukimgusa, balaa lako. Ukimuua, balaa la ukoo. Ukimpeleka kwa jirani umemloga, na kesi ya uchawi huku kwetu haina wakili.

Sasa dada Bushra, mtaalamu wa viumbe, akaitisha mkutano. Alisema kinyonga huyo ni adimu na analindwa na sheria. Mvua zikianza atarudi kumtafuta. Akimkuta, mlima utahifadhiwa na mashamba yetu ya mteremkoni yatafungwa. Asipomkuta, tuendelee kulima. Aliyasema kwa upole, nasi tukapiga makofi kwa upole, kisha tukarudi makwetu tukiwa wagonjwa.

Mimi nina shamba pale. Ngusa ana kubwa zaidi, na ndilo linalolisha nyumba yake. Wote tulikubaliana vinyonga waondolewe. Nani awaondoe, hapo kila mtu akakumbuka udhuru wake. Mimi nilikumbuka mgongo wangu.

Akabaki Ngusa. Alikata ufito mrefu, akawa anauweka mbele ya kinyonga na kumsubiri apande. Kinyonga mnamjua: ananyanyua mguu, anatafakari, anaurudisha. Ngusa alisimama juani akitiririka jasho, macho kafumba, akiomba radhi kwa Kisukuma. Kisha aliteremka naye kwa mwendo wa bwana harusi, mkono umenyooka.

"Unampeleka wapi?" nilimuuliza.

"Kwangu."

"Kwako tena?"

"Nikimleta kwako si nitakuwa nimekuloga, Baba Matilda? Mimi si mtu wa hivyo."

Nilimwonea huruma, kusema kweli. Haikuwa huruma ya kutosha kumpokea mgeni wake.

Aliwapandisha wote kwenye uzio wa minyaa unaozunguka zizi lake, mmoja mmoja, mpaka mlima ukabaki mtupu. Mkewe, Minza, akaacha kupita mlango wa mbele. Zizini nzi ni wa kumwaga, basi vinyonga wakanenepa, wakaoana, wakazaa.

Mvua zikaanza. Bushra na wenzake walipekua mlima kichaka kwa kichaka wasione kitu. Dada wa watu akakaa juu ya jiwe, macho mekundu. Tulimfariji sana. Ni rahisi kumfariji mtu ukiwa umemshinda.

Hapo ndipo Ngusa alipoharibu. "Dada, usiondoke na kiu," alisema. "Mgeni hapiti kwangu bila maziwa."

Nilimkanyaga mguu. Alidhani nimejikwaa, akaniambia pole.

Bushra hakuyanywa maziwa yale. Alifika kwenye uzio, kikombe kikamponyoka, akaanza kucheka huku analia. Alisema hajawahi kuona vinyonga wengi kiasi kile mahali pamoja, na kwamba Ngusa ni mhifadhi wa kuzaliwa.

Basi mlima ukaachwa huru. Uzio wa Ngusa ndio uliohifadhiwa. Minyaa isikatwe, moto wa samadi wa kufukuza nzi usiwashwe, ng'ombe wasipuliziwe dawa ya kupe karibu na pale, maana nzi wakifa vinyonga watakula nini? Na ng'ombe wasipopuliziwa dawa watakufa wao. Ikabidi wahame, na mwenye ng'ombe ahame nao. Pale langoni pana kibao kizuri cha kumshukuru Bwana Ngusa. Bwana Ngusa mwenyewe haishi pale.

Alihamia shambani kwake, mlimani. Nilikwenda kumsaidia kukata nguzo za zizi jipya, mgongo wangu ukiwa umepona kabisa. Tulikuwa tunacheka jambo fulani aliponyamaza ghafla. Kwenye tawi mbele yetu alikuwa kinyonga, mdogo kama kidole, jicho moja kwake, jingine kwangu.

"Unaona kitu?" Ngusa aliniuliza.

"Mimi? Sioni kitu."

"Hata mimi."

Kisha akaokota ufito, akausogeza taratibu mpaka miguuni pa yule kiumbe, akasubiri. Safari hii hakufumba macho, wala hakuomba radhi.

"Baba Matilda," akasema, "hivi uzio wa kwako ni wa mti gani vile?"